Mji wa Wagonjwa wa Moyo

Ungesoma matangazo ya vifo kwenye gazeti letu miaka ile, ungeapa kwamba watu wa Varley tumezaliwa na mioyo ya karatasi. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa magari, amefariki ghafla nyumbani, moyo. Mama wa watoto wawili, moyo. Mapacha wa Imogene Combs, mmoja majira ya baridi na mwenzake kabla joto halijaisha, moyo na moyo. Babu zetu waliochimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakawa meusi waliishi wakikohoa hadi miaka themanini, na wajukuu wao wakawa wanapukutika kabla hawajaota hata unywele mmoja mweupe.

Sote tulijua. Hilo lieleweke mapema, maana wageni wakisikia habari hii hudhani tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga, tulikuwa na adabu, na adabu nayo ikizidi ni ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi wa milima ya Kentucky tuliwapita wahenga, tukakificha na kifo chenyewe.

Aliyetusaidia kukificha ni Ndugu Everett Pauley. Nyumba ya maziko ilikuwa yake, tangu kwa baba yake, na yeye huyo huyo ndiye tuliyekuwa tukimpigia kura awe mkaguzi wa vifo wa wilaya, yaani mtu anayeandika cheti kusema marehemu kafa na nini. Mtu mpole, shemasi wa kanisa, mwenye mikono laini na suti moja nyeusi. Akifika nyumbani kwa wafiwa alikuwa anamtazama mama wa marehemu usoni, anatazama kijiko na bomba la sindano pale chini, kisha anaandika moyo. Hakuchukua rushwa hata siku moja. Alifanya kwa huruma, ili watoto wa marehemu wasisimangwe shuleni na mchungaji asikwame mimbarini.

Mimi naitwa Neva Lykins, naongoza kamati ya chakula cha misiba kanisani kwetu. Mtu akishazikwa, familia inashuka kwenye ukumbi wa chini na sisi tunawalisha: paja la nguruwe la kuoka, maharage mabichi, viazi vya jibini, mkate wa mahindi. Jikoni kwangu kulikuwa na sheria moja, haiulizwi marehemu kafa na nini. Anasifiwa tu alivyokuwa anapenda kuvua samaki. Nimeoka mapaja ya nguruwe miaka ile mpaka harufu ya karafuu ikanikaa kwenye nywele.

Kisha nikaoka la msiba wa Garrett.

Garrett alikuwa mtoto pekee wa mdogo wangu Retha. Gogo lilimwangukia begani kwenye kiwanda cha mbao akiwa kijana wa juzi tu. Daktari wa ile kliniki ya kando ya barabara kuu akampa vidonge vya maumivu, akamwongezea, akamwongezea tena. Kliniki yenyewe ilikuwa na foleni ya magari kama vile wanagawa nyama ya bure. Siku serikali ilipokuja kuifunga, bega la Garrett lilikuwa limeshapona zamani, kilichokuwa hakijapona ni kiu ya vidonge. Vilipoadimika akahamia kwenye unga, kama walivyohamia wenzake wote. Nilimpenda mtoto yule. Aliniibia pete yangu ya harusi na bado nilimpenda. Alikuja mwenyewe kuniomba msamaha, analia, na pete hana.

Alifia bafuni kwa mama yake, Jumapili asubuhi, sisi tukiwa kanisani tunaimba. Retha aliuvunja mlango kwa bega lake mwenyewe. Everett alipofika alivua kofia, akaketi sakafuni pale pale na mdogo wangu, mzee mzima na suti yake, akamshika mkono. "Retha, mwanangu," akamwambia, "mimi nitaandika moyo. Mengine tumwachie Mungu." Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo mkononi, na sijui mpaka leo lile taulo nililichukulia nini.

Miaka mitatu ikapita. Retha alikuwa diwani wa mji kwa kipindi cha pili. Walimchagua kwa sababu aliwapigia kelele kuhusu mabomba ya maji mpaka yakabadilishwa. Basi ndipo barua ya mawakili ikaja, na mji mzima ukawa hauna neno jingine mdomoni. Kampuni zilizokuwa zinasambaza vile vidonge zimekubali kulipa. Miji yote ya jimbo inaalikwa kuingia kwenye mapatano. Mji utakaosaini utapata fungu lake kila mwaka kwa miaka mingi, na hautazishtaki kampuni zile tena milele. Mji usiosaini hautapata kitu, ila utabaki na haki ya kwenda mahakamani peke yake. Na kwenye mapatano yenyewe kulikuwa na sentensi moja inayosema kampuni hazikiri kosa lolote.

Sentensi hiyo ndiyo iliyomkaa Retha kooni kama mwiba wa samaki.

Baraza letu lina kura tano, meya na madiwani wanne. Meya Denzil Sizemore alitaka kusaini. Alishaona jengo la shule ya msingi iliyofungwa likigeuzwa nyumba ya matibabu, kwa maana ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari na foleni yake watu hufia humo humo. Vonda Hensley, muuguzi mstaafu, alikuwa upande wa meya. Upande wa pili alikuwepo Clifton Mullins, mchimba makaa wa zamani, ambaye hajawahi kusaini kitu kilicholetwa na mwenye kampuni bila kupigana kwanza. Na Lyle Fugate mwenye duka la vifaa, ambaye alikataa kwa sababu shule ile inapakana na duka lake na hakutaka, kwa maneno yake, mateja wamwagwe mlangoni kwake. Wawili kwa wawili. Aliyebaki ni mdogo wangu.

Alikuja kwangu Jumatatu ya wiki ya kura. Nilimwekea kahawa, hakuinywa.

"Sitaki hela yao, Neva," alisema. "Nataka mmoja wao, mmoja tu mwenye tai, akalishwe kwenye kiti cha mashahidi, aapishwe, aulizwe kuhusu Garrett. Mlipoleta vidonge vyote vile kwenye mji wa watu elfu mbili, mlidhani tunavipika na maharage? Nataka nimwone akitafuta jibu."

"Na akishatafuta?"

"Nimeshasema. Nataka aulizwe."

"Mdogo wangu, mimi nimechoka kuoka."

"Basi acha kuoka. Nani kakufunga kamba?"

"Nikiacha wataacha kufa?" Nilikuwa nimekasirika, sifichi. "Kuna watoto wa watu wako hai hapa mjini. Wanahitaji kitanda wiki hii. Garrett hahitaji kitanda."

Hapo nilipitiliza. Aliinuka, akachukua koti lake, na mlangoni akageuka akasema, "Wewe hukuzaa, ndiyo maana unaweza kuhesabu." Niliimwaga ile kahawa yake nikaosha kikombe, nikakaa nikitazama dirisha mpaka jua likashuka nyuma ya mlima.

Siku mbili hizo hakupata pa kupumzikia. Akienda dukani anashikwa mkono penye mayai. Clifton alimfuata hadi kwenye kibaraza chake, akakataa kiti. "Retha, binti yangu," alimwambia, "mume wa dada yangu alikufa kifusi kimemlalia, na kampuni ikampa mkewe sahani za udongo na barua ya pole. Dada akasaini kwamba amepokea. Ukisaini umesema yameisha. Yameisha?" Akashuka ngazi polepole na magoti yake mabovu. Retha alinisimulia hayo baadaye, tulipopatana, na akasema wakati ule Clifton alikuwa ameshaipata kura yake.

Tulipatana Jumatano, kwa njia yetu ya siku zote. Alinipigia simu akasema, "Twende wote kwa wakili, mimi huwa nasikia nusu." Nikavaa viatu.

Wakili alitoka Lexington, binti mdogo aitwaye Meredith Kessler, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilishindwa. Alikuwa ameacha viatu virefu kwenye gari akavaa raba, na alimwita mdogo wangu mama. Tuliketi chumba cha nyuma cha ofisi ya mji, mahali wanapoweka taa za Krismasi.

"Niambie ukweli," Retha alisema. "Tukikataa, tukaenda peke yetu. Watakalishwa kwenye kile kiti?"

"Inawezekana, mama. Baada ya miaka. Lakini jambo la kwanza mawakili wao watakalouliza ni, wafu wenu wako wapi?"

"Wako kaburini. Nitawapeleka."

Yule binti alitazama mikono yake. "Nimepitia kumbukumbu za wilaya. Katika miaka yote ile, mji huu umeandika vifo sita vya dawa. Miji ya jirani, midogo kuliko huu, imeandika makumi. Ndiyo maana hata fungu lenu kwenye mapatano ni dogo. Kwa karatasi, mama, Varley ni mji wa wagonjwa wa moyo. Mwanao pia nimemwona. Wakimtaja Garrett mahakamani, watasema pole sana, alikuwa na moyo mbovu. Na hakimu hatakuwa na la kufanya."

Retha hakulia. Akaniambia, kama vile tumesahau kitu sokoni, "Twende kwa Everett."

Tulimkuta Everett anafagia baraza ya nyumba ya maziko. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule, alishaacha kugombea, na fagio lilikuwa linamsaidia kusimama. Retha alimweleza kwa maneno machache. Mzee aliegemeza fagio ukutani.

"Cheti kinaweza kubadilishwa," alisema. "Nitakwenda niseme nilidanganya. Nimeshazeeka, wanifanye watakalo. Lakini watataka ushahidi, Retha. Watataka damu."

"Si ulichukua?"

Everett alinitazama mimi, kama anayeomba nimsaidie kusema. Nilikuwa najua. Nilikuwepo mlangoni na lile taulo, nikasikia. Alikuwa ameshafungua begi lake, ameshatoa sindano, na mdogo wangu akamkumbatia Garrett kifuani akamfunika mikono kwa gauni lake la kanisani.

"Uliniomba nisimchome," Everett alisema. "Uliniambia, Ndugu Everett, ameshachomwa vya kutosha. Nikairudisha sindano kwenye begi. Sikuwa na moyo wa kufanya vile, mwanangu. Na wale wengine nao, nani angekubali mtoto wake achomwe tena?"

Alianza kulia, machozi ya kizee yasiyo na sauti. Retha ndiye aliyemfuta, kwa mkono wa koti lake. Mimi nilichukua fagio nikamalizia baraza, maana mtu ambaye hajui aweke wapi uso wake heri afanye kazi.

Kikao kilikuwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, bado kweupe, na watu walijaa ukumbi mpaka wengine wakasimama nje kwenye madirisha. Lyle alisema yake ya mlangoni kwake. Mwanamke mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Lyle, hao mateja ndio waliokuwa wanakununulia misumari, acha maringo," na watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Clifton alisema yake, na alisema vizuri. Kuna wanaume waliofuta macho kwa kofia. Meya akaeleza vitanda. Binti Kessler akaeleza fungu, akasema linatosha vitanda vinne, na meya akauliza, "Kwa nini vinne tu? Wenzetu wa bonde la pili wamepata kumi na viwili." Swali la kweli kabisa. Mtu mwema Denzil, ila huwa anachelewa kufika.

Hakuna aliyejibu. Watu mia mbili na zaidi mle ndani, na karibu wote walilijua jibu. Everett alikuwa kwenye kiti cha mwisho, amekumbatia kofia yake.

Wakaanza kupiga kura. Denzil ndiyo. Vonda ndiyo. Clifton hapana. Lyle hapana.

"Retha," meya akasema.

Mdogo wangu alisimama, ingawa madiwani hupiga kura wakiwa wamekaa. "Kabla sijapiga, kuna kitu nataka kiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao."

Katibu wa mji, binti wa kina Noble, alikuwa na kompyuta yake mapajani. Aliinua vidole. "Sema, Bi. Retha."

"Garrett Wayne Blankenship. Mwanangu."

"Ndiyo. Nimeandika."

Retha akanyamaza. Katibu akangoja, kisha kwa sauti ndogo, kwa sababu ni kazi yake na hakujua aseme nini kingine, akauliza, "Alikufa na nini?"

Sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa Varley mbele za watu.

"Unga," Retha alisema. "Na kabla ya unga, vidonge. Alifia bafuni kwangu na sindano iko mkononi, nikaichomoa mimi. Moyo wake ulikuwa mzima. Ndugu Everett aliandika moyo kwa sababu alinihurumia na mimi nilitaka kuhurumiwa." Akashika ukingo wa meza. "Najua siko peke yangu humu ndani. Sitamtaja mtu."

Aliposema hivyo, niliwatazama watu. Nilitaka mmoja asimame. Kwenye sinema wangesimama wote, safu kwa safu, kila mama na jina la mwanawe. Wetu walitazama magoti yao. Nilitaka kuwapiga na sufuria, na wakati huo huo niliwaelewa wote mmoja mmoja, maana nimewalisha.

"Kura yangu ni ndiyo," Retha alisema, akakaa.

Basi ikapita, tatu kwa mbili. Denzil alisaini pale pale kwa kalamu ya binti Kessler. Clifton aliondoka bila kuvaa koti. Alipita karibu na Retha, akasimama, akamwekea mkono begani kitambo, akaenda zake. Hakumlaumu, na nadhani ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Nje, kwenye maegesho, Imogene Combs alikuwa anatungoja kando ya gari langu. Imogene na Retha wamekua pamoja, wameolewa mwaka mmoja, na ndiye aliyeosha ile sakafu ya bafuni Retha alipokuwa hawezi kuingia.

"Wangu walikuwa na moyo," alisema.

"Imogene, dada yangu, sijakutaja."

"Umenitazama. Kila mtu aliona ulivyonitazama. Nimebaki na nini mimi, Retha? Nimebaki na lile neno moja. Wote wawili walikuwa na moyo. Unanisikia? Moyo."

"Nakusikia."

"Basi sema."

Retha alimtazama rafiki yake wa maisha yote. Aliweza kusema. Ni neno dogo, na sote tumelisema mara nyingi hata halina ladha. Lakini lilikuwa limeshamtoka huko ndani na hakuweza kulirudisha mdomoni. Alitikisa kichwa. Imogene akageuka akaenda, akipita katikati ya magari, mkoba wake ukimgonga kiunoni. Mpaka leo akituona kanisani huhamia benchi la upande wa pili.

Tuliingia garini. Sikuwasha. Nilitaka nimwambie amefanya vema, vitanda vinne si haba, kuna mama fulani mwaka huu hatanihitaji jikoni. Nilikuwa nayaamini yote hayo na bado naamini. Ila niliona uso wake nikayaacha.

"Neva."

"Nipo."

"Nilitaka waulizwe. Swali moja tu." Alikuwa anatazama mikono yake pajani, mikono ya mama yetu ile. "Wale watakula chakula chao cha jioni leo, watalala, hakuna atakayewauliza kitu milele. Katika mambo yote haya, tangu mwanzo mpaka mwisho, aliyeulizwa mwanangu alikufa na nini ni mimi."

Alijaribu kufunga mkanda na ncha ikawa haiingii, akajaribu tena. Nikaichukua mkononi mwake nikamfungia, kisha nikawasha gari tukaenda nyumbani.